Moyo, figo na lango la jikoni: Wamarekani walivyofundishwa kula nyama za ndani wakati wa vita

Ndugu msomaji, wiki hii tuache kidogo habari za viwavijeshi na bei ya mbolea. Nataka nikupe historia. Ni ya mbali, ya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini kama unafuga, kama una bucha, au kama unauza supu pale stendi, utaona inakuhusu. Swali lake ni hili: mtu aliyekua akiamini kwamba moyo wa ng'ombe ni chakula cha mbwa, anafikaje siku moja kuununua, kuupika na kuwapa wanawe?

Ninaposema nyama za ndani nina maana ya ini, moyo, figo, bandama, mapafu, utumbo na kongosho. Ulimi na ubongo nao nitauweka humo humo, kwa sababu mchinjaji huviweka upande huo huo wa meza.

Najua wapo watakaosema, "Bwana ugani, sisi hivyo tunakula tangu babu na bibi." Ni kweli. Mkikuyu na mutura yake, Mchaga na kisusio chake, na sisi sote na supu ya utumbo asubuhi. Lakini fanya uchunguzi mdogo nyumbani kwako. Anayekula utumbo huenda hajawahi kugusa mapafu. Anayekula ini anakunja uso akisikia figo. Kijana aliyekulia mjini anataka steki tu, na mke aliyeolewa kutoka mkoa mwingine amekuta sufuria ya ukweni ina vitu asivyovijua hata jina. Halafu kuna lile suala la firigisi. Katika jamii zetu nyingi firigisi ya kuku ni ya baba, na mama akiila inakuwa kesi ya kuitisha wazee. Kwa hiyo si kwamba hatujui kula nyama za ndani. Kila nyumba ina orodha yake ya nani anakula nini, na orodha hiyo haijaandikwa popote.

Na hili si jambo la utani tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 hapa Tanzania ulikuta asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ilikuwa asilimia 58. Upungufu wa damu una sababu nyingi, malaria na minyoo zikiwemo, lakini ukosefu wa madini ya chuma kwenye chakula ni mojawapo kubwa. Ini na bandama ni kati ya vyakula vyenye madini ya chuma kwa wingi kabisa. Kwa hiyo mama na mtoto wanakosa damu, na ndani ya kijiji hicho hicho bandama inatupiwa mbwa. Hapo ndipo historia yangu inapoanza kuwa na maana.

Nchi iliyokuwa na ng'ombe wengi ikaishiwa nyama

Marekani iliingia vitani Desemba 1941, baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor. Ilikuwa nchi ya ng'ombe na nguruwe kwa mamilioni, lakini ghafla kulikuwa na askari wengi wa kulisha, na pia nchi rafiki kama Uingereza zilikuwa zikitegemea chakula kutoka huko. Nyama nzuri, yaani ya paja na ya mgongo, ikaelekezwa jeshini. Kufikia mwisho wa Machi 1943 serikali ikaweka mgawo wa nyama: kila raia alikuwa na kitabu cha kuponi, na ukienda buchani unatoa pesa pamoja na kuponi. Mwenye pesa bila kuponi alirudi nyumbani mikono mitupu. Mgawo huo wa nyama uliendelea mpaka Novemba 1945.

Sasa, ng'ombe akichinjwa kwa ajili ya askari, moyo wake, figo zake na ulimi wake vinabaki. Vinaharibika haraka na kuvisafirisha mbali ni taabu. Serikali ikaona jibu liko wazi: raia wale hivyo. Protini ipo, vitamini zipo, madini yapo, na bei ni nafuu.

Tatizo ni kwamba raia hawakutaka. Na ukitaka kuelewa kwa nini, lazima ujue aibu iliyokuwa imefungamana na vyakula hivi. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, enzi za utumwa, mwenye shamba alichukua paja na mgongo wa mnyama, na watumwa Waafrika wakabakiwa na utumbo, miguu na kichwa. Wakajifunza kuvisafisha na kuvipika kwa ustadi mkubwa hata vikawa chakula cha sherehe, na mpaka leo wajukuu zao wanavipika siku za sikukuu. Lakini machoni mwa Mmarekani mzungu wa tabaka la kati, vilibaki chakula cha mtumwa, cha maskini, cha mhamiaji aliyeshuka melini jana. Mama wa nyumba aliyejiheshimu hakutaka jirani amwone akitoka buchani na figo. Nadhani hata wewe unaijua aibu hiyo. Wapo wanaonunua utumbo na kuuficha chini ya mchicha kwenye kikapu.

Bwana aliyetoka Berlin

Serikali ikaligeukia Baraza la Taifa la Utafiti, ambalo lilikuwa na Kamati ya Mazoea ya Chakula. Katibu mtendaji wake kuanzia 1942 alikuwa Margaret Mead, mwanaanthropolojia aliyekwisha kupata jina kwa utafiti wake katika visiwa vya Samoa. Aliyefanya kazi ninayotaka kukueleza ni mwingine, Kurt Lewin.

Lewin alizaliwa 1890 katika mji mdogo wa Mogilno, wakati huo chini ya Ujerumani, leo ni Poland. Alikuwa Myahudi. Alipigana upande wa Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia na akajeruhiwa, kisha akafundisha saikolojia Berlin. Hitler alipochukua madaraka 1933, Lewin akaondoka kwenda Marekani. Mama yake alibaki Ulaya na baadaye aliuawa na Wanazi. Kwa hiyo huyu hakuwa mtu wa kuchukulia vita kama habari ya gazetini. Kufikia wakati wa vita alikuwa katika Chuo Kikuu cha Iowa, jimbo la mahindi na nguruwe, mahali ambapo wewe na mimi tungepata mengi ya kuzungumza na wenyeji.

Jambo la kwanza alilofanya ni la kiafisa ugani kabisa. Kabla ya kuwaambia watu wale nini, aliuliza chakula kinafikaje mezani. Akakuta kinapita kwenye njia. Ipo njia ya dukani na ipo njia ya bustani ya nyumbani. Kila njia ina hatua: kuchaguliwa, kununuliwa, kuhifadhiwa, kupikwa, kupakuliwa. Na kwenye kila hatua kuna lango, na kwenye lango kuna mtu anayesema hiki kipite, hiki kisipite. Katika nyumba walizozihoji walikuta mlinzi wa malango mengi ni mama wa nyumba. Baba anaweza kulalamika mezani, lakini chakula ambacho hakikununuliwa hakimfikii hata akalalamikia.

Lewin aliona pia kwamba tunapanga mambo kinyume. Tunadhani mtu kwanza anapenda, halafu ndipo anakula. Yeye aliona mara nyingi kupenda huja nyuma, baada ya chakula kuwa kimeshapita lango na kukaa mezani mara kadhaa. Fikiria ugali wenyewe. Hakuna aliyezaliwa akiupenda.

Ukikubali hilo, kazi inabadilika. Huhangaiki tena kubembeleza ulimi wa kila mtu katika nchi. Unakwenda kuzungumza na mlinzi wa lango.

Dakika 45

Wakachukua vikundi 6 vya akina mama waliojitolea katika Msalaba Mwekundu, kila kikundi watu 13 hadi 17. Lengo lilikuwa wapike nyama tatu ambazo wengi hawakuwahi kuzipika: moyo wa ng'ombe, figo, na zile tezi laini za ndama pamoja na kongosho. Muda ulikuwa dakika 45 tu kwa kila kikundi.

Vikundi 3 vilipewa mhadhara, tena mzuri. Mtaalamu alieleza uhusiano wa lishe na vita, akaonyesha chati za vitamini na madini, akaeleza unafuu wa bei, akasimulia jinsi yeye mwenyewe anavyozipika nyumbani na familia yake inavyozifurahia, na akagawa karatasi za mapishi. Nikisoma maelezo hayo najiona mwenyewe nikiwa na bango langu la makundi ya vyakula ukutani. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni, na ndivyo wengi wetu tunavyofanya mpaka leo.

Vikundi 3 vingine havikupewa mhadhara. Kiongozi alianza kwa kueleza kwa kifupi tatizo la chakula wakati wa vita, kisha akawauliza: mnadhani akina mama wa nyumbani kama ninyi wanaweza kushawishika kushiriki katika mpango huu wa nyama za ndani? Angalia ujanja wa swali. Hakuuliza "kwa nini wewe hutaki". Aliuliza habari za akina mama kama wao, kwa hiyo hakuna aliyejisikia anashtakiwa. Wakaanza kutaja vikwazo. Mume hatakula. Harufu wakati wa kupika inajaa nyumba nzima. Na mengine ya namna hiyo. Vikwazo vilipokwisha kuwekwa mezani ndipo mtaalamu wa lishe akaingia kusaidia, kila kikwazo na dawa yake, na mapishi yakagawiwa, yale yale waliyopewa wenzao wa mhadhara. Mwishoni kiongozi akaomba wanyooshe mikono: nani yuko tayari kujaribu moja ya nyama hizi ndani ya wiki ijayo?

Baada ya siku 7 wakafuatilia nyumba kwa nyumba. Katika vikundi vya mhadhara, asilimia 3 ya akina mama walikuwa wamepika mojawapo ya nyama ambazo hawakuwahi kuzipika. Katika vikundi vya mazungumzo, asilimia 32.

Soma tena namba hizo. Mapishi yale yale, dakika zile zile, nyama zile zile.

Wenzake Lewin walirudia njia hiyo kwa mambo mengine. Walijaribu kuwafanya majirani waongeze matumizi ya maziwa, na vikundi vilivyojadiliana na kuamua vilishinda tena. Kisha wakaenda hospitalini kwa akina mama waliojifungua mtoto wa kwanza, kuhusu kuwapa watoto juisi ya machungwa na mafuta ya ini la samaki aina ya chewa. Baadhi ya akina mama walipewa maelekezo mmoja mmoja na mtaalamu, dakika 25 kila mmoja. Wengine walikaa wakiwa 6, wakajadiliana dakika 25 hizo hizo. Wa kikundi walitekeleza zaidi walipofika nyumbani. Ewe afisa mwenzangu unayesoma hapa na pikipiki yako haina mafuta, hilo nalo ni jibu la bajeti.

Nisikufiche kasoro. Vikundi vilikuwa vidogo, na aliyeongoza mazungumzo hakuwa yule aliyetoa mhadhara, hivyo huenda mmoja alikuwa mwenye mvuto zaidi. Tena asilimia 32 maana yake asilimia 68 hawakupika. Mwaka 1955 mtafiti Edith Bennett alilichambua jambo hili upya kwa wanafunzi wa chuo, akapima kila kipande peke yake. Alichokiona ni kwamba kujadiliana peke yake si dawa. Kinachofanya kazi ni mtu kuombwa aamue, na kuona kwamba wenzake wengi nao wameamua hivyo hivyo. Kwa maneno mengine, kikao cha kupiga soga kisichofika kwenye uamuzi kinaweza kuwa bure sawa na mhadhara. Vikao hivyo tunavijua, na posho zake tunazijua.

Vita ilipokwisha

Ungetegemea baada ya hapo Wamarekani wawe walaji wakubwa wa moyo na figo. Haikuwa. Mgawo ulipoondolewa mwishoni mwa 1945, paja na mgongo vikarudi buchani na pesa zilikuwepo, na wengi wakazirudia nyama walizozizoea. Mwaka 1971 serikali yao ikakataza kabisa mapafu ya mifugo kuuzwa kama chakula cha binadamu, ndiyo maana Waskoti waliohamia huko hawapati ile haggis yao ya asili, ambayo hutengenezwa kwa moyo, ini na mapafu ya kondoo pamoja na shayiri, vyote ndani ya tumbo la kondoo huyo huyo.

Mimi nalisoma hivi: lango lilifunguliwa kwa sababu ya vita, na aibu ile ya zamani haikuguswa. Waliwaambia akina mama "saidieni jeshi". Jeshi liliporudi nyumbani, sababu ikaisha. Kama wangekuwa wamezoea kwa sababu ya ladha, au kwa sababu mtoto anachangamka, huenda sufuria isingerudi nyuma.

Linganisha na Sendai, mji wa Japani. Huko ulimi wa ng'ombe uliochomwa kwenye mkaa ulianza kuuzwa katika mgahawa mara baada ya vita hiyo hiyo, ukapendwa kwa ladha yake, na leo ndicho chakula kinachoutambulisha mji. Na sasa Wamarekani wanawauzia Wajapani ndimi za ng'ombe. Misri nayo ni mnunuzi mkubwa sana wa maini ya ng'ombe kutoka Marekani, ambayo Cairo hukaangwa kwa vitunguu saumu na pilipili na kuuzwa barabarani ndani ya mkate. Mfanyabiashara, tafakari hapo: kitu ambacho jirani anakitupa, mji mwingine unapanga foleni kukinunua.

Nani ameshika lango kwako?

Hapa ndipo nataka tuongee kama watu wa kijiji. Tusichukue ya Iowa kama yalivyo. Kule mama alishika malango karibu yote. Kwetu, katika nyumba nyingi, nyama inanunuliwa na baba. Ndiye anayepita buchani jioni na kurudi na nusu kilo kwenye mfuko. Lango la bucha liko mikononi mwake. Lango la jikoni ni la mama. Na kama bibi yupo, ana lango la tatu, lile la kusema "mjamzito hali hiki". Ukikaa na akina mama peke yao ukawafundisha mapishi ya bandama, umezungumza na mlinzi mmoja kati ya watatu.

Sisi wa kilimo tulikwishaijua njia hii kwa jina lingine. Shamba darasa, ambalo lilianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, linasimama juu ya wazo hilo hilo: wakulima wanakaa, wanaangalia, wanabishana, wanaamua wenyewe. Ajabu ni kwamba kwenye mpunga tunajadiliana, lakini tukifika kwenye lishe tunarudi kuhutubia.

Niliwahi kukaa na kikundi cha kuweka na kukopa, wanawake kwa wanaume, tukaliongea suala la figo. Mama mmoja akasema, "Baba watoto akisikia ile harufu analala njaa." Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja aliyekuwa akichinja zamani akajibu, "Mwanangu, mnapika na mkojo wake. Pasua katikati, toa ile nyeupe yote." Mimi ningesema maneno hayo hayo kwa dakika kumi na yasingepokelewa vile. Kisha bibi mmoja akauliza kwa nini firigisi ni ya baba, na kicheko kilichofuata sitakieleza hapa.

Kama unataka kujaribu kwenye kikundi chako, fanya siku ya kikao cha kawaida mkiwa 10 au 15. Uliza kwanza nani amewahi kupika kitu gani. Kisha uliza majirani wanazuiwa na nini, na waache waseme mpaka waishe. Aliyewahi kupika ndiye ajibu. Mwisho omba mikono kwa jambo moja dogo, la wiki hiyo, na kikao kijacho ulizaneni. Usiwaombe waache mila yao. Damu ni haramu kwa Mwislamu na hapo hakuna mjadala; anza na kile ambacho kila mtu kwenye kikundi anaruhusiwa.

Ningeanza na moyo. Moyo ni msuli kama nyama nyingine, hauna harufu kali, na mtu asiyeambiwa anaweza asitambue. Upasue, toa mishipa na damu iliyoganda, osha, kata vipande vyembamba, lowesha kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, choma kama mishikaki. Figo ndiyo hiyo ya mzee: pasua kwa urefu, toa sehemu nyeupe ya katikati, loweka nusu saa kwenye maji yenye ndimu au siki, mwaga, suuza, kaanga haraka na vitunguu. Utumbo uchemshe, mwaga maji ya kwanza, ndipo uanze mapishi. Ini lipikwe mpaka lisitoe damu ukilikata, lakini usilikaushe likawa gome. Bandama ni laini na ina ladha nzito, hivyo wengi huipenda ikichanganywa na nyama nyingine kwenye mchuzi kuliko ikiwa peke yake. Kwa mjamzito, ini lina vitamini A nyingi mno, kwa hiyo aulize kliniki ale kiasi gani, asilifanye chakula cha kila siku. Na mwenye gauti akae mbali na figo na ini.

Sasa la usalama, na hapa sitajadiliana na mtu. Nyama za ndani ndizo zinazoonyesha ugonjwa wa mnyama kabla ya nyama nyingine. Nunua iliyokaguliwa. Ini lenye mirija migumu ndani yake na minyoo bapa kama majani ni ini la mnyama mwenye minyoo ya ini. Mapafu yenye vinundu vyenye kitu kama jibini yanaweza kuwa ya kifua kikuu. Ukiona ini au mapafu yana vifuko vya maji, hayo ni malengelenge ya mnyoo anayeishi ndani ya mbwa. Ukimtupia mbwa vifuko hivyo, mnyoo unakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka kwenye kinyesi, yanafika kwenye majani ya mbuzi na mikononi mwa mtoto anayecheza na huyo mbwa, na kwa binadamu vifuko vinaota ndani ya ini au mapafu yake mpaka apasuliwe. Kwa wafugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umetesa watu miaka mingi. Kwa hiyo kiungo kibovu mkaguzi akikikataa, kichomwe moto au kifukiwe kina kirefu ambacho mbwa hafukui. Asipewe mbwa hata akilia mlangoni.

Na wewe mwenye bucha: nyama za ndani huharibika mapema kuliko paja. Zitenge kwenye chombo chake safi chenye mfuniko, ziuze asubuhi, na mteja mgeni akiuliza hii inapikwaje, usimjibu "wewe chukua tu". Mwambie ya ile nyeupe ya katikati, au mtolee kabisa kwa kisu chako kabla hujampimia.

Nikipata nafasi wiki ijayo tutarudi kwenye mahindi. Kama kikundi chako kimenyoosha mikono, niandikieni mlipika nini na nani alikataa kula.